Mimea ya Dawa Katika Sanduku la Huduma ya Kwanza Nyumbani: Mwongozo kwa Anayeanza

Masika yanapokaribia, maswali ya wanaoanza huwa yale yale. Je, shubiri (aloe vera) ipakwe mara tu mtu anapoungua? Je, mtoto wa miezi 8 anaweza kupewa asali kwa kikohozi? Je, maji ya mwarobaini yanatosha kwa mtu mwenye homa endapo barabara ya kwenda zahanati imekatika? Majibu mafupi ni kwamba shubiri husubiri maji yafanye kazi yake kwanza, asali hapewi mtoto huyo hata tone, na homa hupimwa wala haikisiwi. Majibu marefu yanafuata hapa, kwa mpangilio ambao unaweza kuutekeleza mwenyewe kwa wiki mbili au tatu kabla mvua hazijaanza.

Jambo moja lieleweke mapema. Katika huduma ya kwanza mimea ina nafasi, lakini nafasi hiyo ni nyembamba: hutuliza madhara madogo, na humpunguzia mtu taabu wakati anatafutiwa matibabu. Ndiyo maana sanduku linalofaa huanza na maji safi, sabuni, chumvi, sukari na kitambaa safi, na mimea hufuata baadaye. Mtu mwenye mitungi 30 ya majani makavu lakini asiye na bandeji hajajiandaa.

Mahitaji kabla ya kuanza

Tafuta sanduku au ndoo yenye mfuniko unaobana, isiyopitisha maji wala panya. Ndani yake weka vitu hivi:

- shashi safi, bandeji za kufunga, plasta, pamba na jozi kadhaa za glavu;
- mkasi, kibanio kidogo cha kutolea miiba, kipimajoto na tochi yenye betri za akiba;
- kipande cha sabuni, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa anayeharisha) na vidonge vya zinki kutoka duka la dawa, pamoja na chumvi na sukari katika vyombo vilivyofungwa;
- kijiko cha chai ambacho hakitoki sandukuni, na chupa ya lita 1 ya kupimia maji;
- mitungi midogo ya kioo yenye vifuniko, lebo na kalamu ambayo wino wake haufutiki kwa maji;
- asali safi, karafuu nzima, tangawizi iliyokaushwa na mbegu za mlonge.

Nje ya sanduku, panda mshubiri kwenye chungu au kopo karibu na mlango wa jikoni, kwa kuwa jikoni ndiko watu huungua. Mchaichai na nanaa zinaweza kuota pembeni mwa bomba au mahali yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, mradi maji hayo hayana sabuni nyingi.

Hatua

1. Andika orodha ya hatari na uibandike ndani ya mfuniko.

Fanya hivi kabla ya kuchuma jani lolote. Orodha hiyo itaje hali ambazo hazitibiwi nyumbani kwa mmea wowote, na ambazo mgonjwa anapaswa kupelekwa kituo cha afya bila kuchelewa. Hizo ni kuumwa na nyoka; kuumwa na mbwa au mnyama mwingine; damu isiyokoma baada ya kukandamizwa kwa dakika 10 hadi 15; kupumua kwa shida; maumivu makali ya kifua; kupoteza fahamu; kunywa sumu, dawa ya mifugo au mafuta ya taa; moto uliounguza eneo kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au uliounguza uso, mikono, viungo au sehemu za siri; na moto wa umeme au kemikali wa ukubwa wowote. Kwa mtoto mdogo ongeza dalili hizi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea kiasi cha kutoamka. Homa ya mtoto aliye chini ya miaka 5 nayo iingie humo, kwa sababu mahali penye malaria mtoto huyo anahitaji kupimwa ndani ya saa 24.

Chini ya orodha andika namba ya simu ya zahanati iliyo karibu, ya mhudumu wa afya wa eneo lako, na ya jirani mwenye gari au bodaboda anayekubali kuamshwa usiku. Namba hizi ziwe kwenye karatasi, kwa kuwa simu huzimika chaji siku ambayo umeme umekatika.

2. Chagua mimea michache na uitambue bila shaka yoyote.

Kwa anayeanza napendekeza mshubiri, tangawizi, karafuu, mchaichai au nanaa, na mlonge. Inatosha. Ukitaka kuongeza mwingine, uongeze baada ya kuuona ukiwa mchanga, ukiwa na maua na ukiwa na matunda, ukiwa pamoja na mtu anayeufahamu.

Makosa ya utambuzi ni ya hatari kuliko makosa ya vipimo. Mmelia, mti unaopandwa sana kwa kivuli, hudhaniwa kuwa mwarobaini, na matunda yake yana sumu. Namna ya kuutofautisha ni kutazama jani: la mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu chenye vijani vya meno meno pande zote mbili, ilhali la mmelia hutoa vikonyo vidogo pembeni, na vijani vimeota juu ya vikonyo hivyo. Utomvu mweupe wa mnyaa, ule unaopandwa kuwa uzio, huunguza ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya. Mmea wowote wenye utomvu mweupe kama maziwa usiuite mshubiri. Mnanaha, gugu lenye tunda la miiba linalopenda kuota kwenye majalala na kando ya mazizi, una sumu kuanzia jani hadi mbegu.

3. Vuna, kausha na hifadhi kabla ya mvua.

Vuna asubuhi baada ya umande kukauka. Usichume kando ya barabara kuu, karibu na mfereji wa maji machafu wala pembeni mwa shamba lililopigwa dawa. Osha majani, yakung'ute, kisha yatandaze kwenye ungo au kitambaa safi kivulini, mahali penye upepo. Jua kali huondoa harufu, na sehemu kubwa ya faida ya mchaichai na nanaa imo katika mafuta yanayotoa harufu hiyo. Tangawizi ikatwe vipande vyembamba kwanza, la sivyo itakauka nje na kuoza ndani. Majani yako tayari yanapovunjika kwa mlio ukiyakunja; yakikunjika tu bila kuvunjika, yarudishe kwenye ungo.

Jaza mtungi, funika, kisha andika jina la mmea, sehemu iliyotumika, mahali ulipovuna, mwezi na mwaka. Majani makavu yabadilishwe kila baada ya mwaka 1. Mtungi usio na lebo umwage, hata kama una uhakika wa kilichomo, kwa sababu siku ya dharura huenda atakayeufungua si wewe.

4. Kuungua: maji kwanza, shubiri baadaye.

Mwondoe mtu kwenye moto, mvue pete, bangili na nguo ambayo haijaganda kwenye ngozi, kisha mimina maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20 kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika 20 huonekana ndefu mno mtoto anapolia, na wengi huacha baada ya 3. Maji haya yana faida hata kama umechelewa, hadi takribani saa 3 tangu kuungua. Usitumie barafu. Kama bomba halitoi, tumia kata na ndoo, na uyakinge maji yaliyo safi uyarudie. Mtoto mdogo mfunike sehemu nyingine za mwili ili asipate baridi.

Baada ya hapo tazama ngozi. Ikiwa ni nyekundu tu, inauma na haina malengelenge, unaweza kutumia shubiri. Kata jani kubwa la nje, lisimamishe likiwa limeelekeza sehemu iliyokatwa chini kwa dakika 15 ili utomvu wa njano utoke wote, lioshe, limenye, kisha uchukue ute mweupe unaopitisha mwanga. Utomvu wa njano huwasha ngozi, na ukimezwa huharisha vikali, hivyo hatua hii isirukwe. Pima ute kidogo kwenye ngozi nzima ya mkono wa mgonjwa. Kama haujawasha baada ya dakika 15, paka tabaka jembamba mara 2 au 3 kwa siku. Ute ukatwe upya kila mara, maana bila jokofu huharibika upesi.

Malengelenge yasipasuliwe, wala yasipakwe kitu. Yafunike kwa shashi safi isiyobana na umpeleke mgonjwa zahanati. Dawa ya meno, yai, siagi, majivu, unga, chumvi na mafuta ya taa havina kazi hapa. Hufungia joto ndani, huingiza uchafu, na humlazimu muuguzi kusugua kidonda ili aone kilichopo chini yake.

5. Mikwaruzo na majeraha madogo.

Nawa mikono na uvae glavu. Kandamiza jeraha kwa shashi safi bila kuchungulia kila mara, hadi damu ikome. Osha kwa maji safi yanayotiririka, na sabuni ipite pembezoni mwa jeraha. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo: jeraha lililooshwa vizuri mara nyingi halihitaji dawa nyingine, na jeraha chafu haliokolewi na jani lolote.

Kama ni mkwaruzo wa juujuu, unaweza kupaka asali kidogo kwenye shashi, ukaifunga juu ya jeraha na kuibadilisha kila siku. Asali hunyonya unyevu na kuwafanya bakteria washindwe kuzaliana. Hata hivyo, asali ya sokoni haijasafishwa kama ile inayotumika hospitalini, na nyingine huchanganywa na sukari, kwa hiyo isitumike kwenye jeraha lenye kina, lililochomwa na msumari, au la mgonjwa wa kisukari. Majeraha ya aina hiyo, na yote yaliyoingia udongo au samadi, yanahitaji kuonwa na mhudumu wa afya, ambaye ataangalia pia kama chanjo ya pepopunda imepitwa na wakati.

Kuumwa na mbwa ni habari nyingine kabisa. Osha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, usipake pilipili, majani wala mafuta, kisha nenda siku hiyo hiyo kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki, na hakuna mti unaobadilisha hilo.

6. Kuhara, hasa wakati wa mafuriko.

Kinachoua katika kuhara ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Tumia pakiti ya ORS kwa kufuata maelezo yake. Ukiishiwa, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu bila kilele. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, kwa hiyo onja: mchanganyiko usiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, kwa kijiko, taratibu. Aliye mkubwa kidogo apewe mililita 100 hadi 200. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe.

Maji yenye tope ndipo mlonge unapokuwa na thamani. Menya mbegu kavu, zitwange ziwe unga laini, koroga unga huo na maji kidogo, uchuje, kisha umimine kwenye ndoo ya maji machafu. Mbegu 1 kwa lita 1 hutosha kwa tope la kawaida, na 2 kwa tope zito. Koroga kwa kasi dakika 1, endelea polepole kwa dakika 5 hadi 10, na uache maji yatulie kwa saa 1 au 2. Tope litazama. Teka maji ya juu, yapitishe kwenye kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote sawasawa, au uyatibu kwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Kuchemsha au kutia klorini ni lazima, kwa sababu mlonge huondoa tope na sehemu tu ya vijidudu.

Chai ya majani machanga ya mpera hutumiwa na watu wazima wengi kwa tumbo la kuhara. Mtu mzima akiitumia, iwe nyongeza ya ORS, kamwe isiwe badala yake. Choo chenye damu, choo cheupe kama maji ya mchele, macho yaliyoingia ndani au mkojo kukoma ni safari ya kituo cha afya, na mgonjwa aendelee kunywa ORS njiani.

7. Kichefuchefu, gesi, kikohozi na jino.

Kwa kichefuchefu cha mtu mzima, weka kijiko 1 cha chai cha tangawizi mbichi iliyokunwa, au nusu kijiko ya unga, katika kikombe cha maji ya moto, funika kwa dakika 10, chuja na unywe polepole. Vikombe 3 kwa siku vinatosha. Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na mama mjamzito, waulize kliniki kwanza. Nanaa na mchaichai hutayarishwa vivyo hivyo kwa tumbo lililojaa gesi.

Kikohozi cha mafua kinaweza kutulizwa kwa asali wakati wa kulala: nusu kijiko cha chai kwa mtoto wa miaka 1 hadi 5, na kijiko 1 kwa wa miaka 6 hadi 11. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe kabisa, hata ikichemshwa, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wake hauwezi kuzizuia na ambazo humsababishia kupooza. Kikohozi kinachozidi wiki 2 kipimwe kifua kikuu.

Jino likiuma usiku, mtu mzima aweke karafuu 1 karibu na jino hilo na kuibana taratibu mpaka ganzi ije. Mafuta ya karafuu ni makali mno: tone 1 katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, kwa pamba, kwa mtu mzima pekee, na yasimezwe. Chupa yake ikae mahali mtoto hafiki. Ganzi haizibi tundu. Uso ukivimba au homa ikija, usisubiri Jumatatu ndipo umwone daktari wa meno.

8. Fanya zoezi na uweke kumbukumbu.

Waite wa nyumbani, pamoja na msaidizi wa kazi na watoto wanaojua kusoma, uwaonyeshe sanduku lilipo na orodha ya kwenye mfuniko. Mwachie mwingine achanganye ORS mbele yako. Weka daftari dogo la kuandika nani alipewa nini, kiasi gani na saa ngapi, kisha uende nalo zahanati. Watu wengi humficha daktari kwamba walitumia miti shamba, na hivyo humnyima habari anayoihitaji: mwarobaini, kwa mfano, unaweza kushusha sukari ya damu kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye dawa za kisukari.

Makosa yanayorudiwa sana

Usiweke utomvu wa mmea wowote jichoni. Hata swila akitema sumu machoni, dawa ya papo hapo ni maji mengi yanayomiminwa mfululizo, kisha hospitali. Aliyeumwa na kifutu, koboko au nyoka asiyejulikana atulizwe, avuliwe pete na viatu, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, abebwe kupelekwa hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Kuchanja, kunyonya, kufunga kamba na kuweka jiwe la nyoka hupoteza muda, na kamba inaweza kuua kiungo ambacho kingepona.

Usipake majani, majivu wala samadi kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Usimpe mtoto mafuta ya mwarobaini. Yamewahi kuwadhuru watoto wachanga vibaya. Kujifukiza kwa mkaratusi chini ya blanketi na sufuria ichemkayo humpa mtu mzima nafuu ya pua iliyoziba, lakini mtoto aliyewekwa humo hutoka na majeraha ya moto mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe wala asipewe maziwa.

Chai ya pakanga (Artemisia) si tiba ya malaria. Kweli, artemisinini, kiini cha dawa za malaria, hutokana na mmea huo, lakini kiasi chake katika chai hubadilika kutoka kikombe kimoja hadi kingine, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi itumike kutibu wala kuzuia ugonjwa huo.

Mambo yakienda kombo

Majani yameota ukungu mtungini. Hayakukauka vizuri, au mtungi ulifungwa yakiwa bado na joto. Tupa yote, bila kuchambua mazuri na mabaya, osha mtungi kwa maji ya moto na uukaushe kabla ya kuujaza tena.

Ngozi imewasha baada ya shubiri. Osha kwa maji na uache kuitumia. Huenda utomvu wa njano haukutoka wote, au mmea si ule uliodhani. Afrika Mashariki ina aina nyingi za shubiri pori, na si zote zinazofaa kupakwa.

Mtoto anatapika ORS. Subiri dakika 10, kisha anza tena kwa kijiko kimoja kila baada ya dakika 2 au 3. Akiendelea kutapika kila kitu, ondoka naye.

Jeraha limekuwa jekundu kuzunguka, lina joto, usaha au mstari mwekundu unaopanda. Acha asali, lifunike kwa shashi kavu na uende zahanati siku hiyo.

Maji ya mlonge yananuka baada ya siku moja. Mabaki ya mbegu yameanza kuoza. Safisha ndoo, na safari ijayo tayarisha maji ya siku hiyo tu.

Muuzaji anadai dawa yake hutibu kila kitu. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, ambalo husajili waganga na dawa zao. Mwombe cheti cha usajili. Akikasirika, nunua tangawizi kwa muuza mboga na uendelee na safari yako.